Pazia la Fundi wa Vimeo

Tulimwita Fundi, basi. Huku kwetu Kimara mafundi wamejaa, wa bomba, wa umeme, wa simu, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema mzee wa cherehani mwenye kibanda cha mabati pale mteremko unapoanza. Mchana kutwa alishona sare za shule. Na nyuma ya pazia la bluu, humo humo kibandani, alikata vimeo vya watoto wachanga.

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia kooni. Kila mtu anacho. Lakini mtoto mchanga akicheua sana, akikohoa, akigeuza uso kwenye ziwa, watu wazima wa mtaa wanasema kimeo kimerefuka, kinamtekenya, kikatwe. Mie ni mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha sayansi, mfumo wa chakula nauchora ubaoni hata nikifumba macho. Na bado wangu nilimpeleka. Nasema mapema ili huko mbele usinione mjanja.

Namkumbuka Fundi sasa kwa sababu Mama Neema, jirani yangu wa ukuta mmoja, amejifungua tena. Mtoto ana wiki sita na kila akinyonya anacheua. Mwanzoni mwa mwezi aliniuliza tukiwa tunaanika nguo: "Hivi Mwalimu, yule Fundi wako siku hizi yuko wapi? Safari hii sitaki kuchelewa." Nilijifanya nimeacha chungu motoni, nikaingia ndani. Mtoto aliyemtangulia huyu alikufa siku ya tatu baada ya kutoka nyuma ya pazia lile, na aliyewatuma kule ni mie. Mtaa ulisema walichelewa kumkata. Mama Neema aliamini hivyo, na mie nilimwacha aamini.

Kwao Fundi kulikuwa bara huko, lafudhi ilimsema. Sikuwahi kumuuliza zaidi. Alikuwa mwembamba, msafi kupita kiasi, shati limepigwa pasi hata siku ambayo umeme haukuwepo. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilijaa alama za sindano, nyeusi nyeusi, kama vile mtu kavidonoa kwa kalamu. Tulimtania. Fundi mzima, miaka yote hiyo kwenye cherehani, na bado unajichoma? Anajibu, "Sindano haina adabu," anaendelea kukanyaga.

Tulimtania pia juu ya paka. Kila asubuhi alipita kwa muuza kuku kuomba kipande cha firigisi au ngozi ya shingo, anasema ya paka wangu. Paka huyo hakuna aliyewahi kumwona. Muuza kuku alikuwa akimuuliza, "Fundi, paka wako ameoa?" na yeye anacheka kwa pua tu, anafunga kipande chake kwenye karatasi, anaondoka.

Katika ushonaji alikuwa na neno moja. Mzazi akilalamika sketi ndefu, au suruali imekunjwa sana chini, alisema, "Acha pindo, mtoto anakua." Sare ya Fundi ilikuwa na pindo la akiba la vidole vinne, ukilifumua kila mwaka mtoto anafika darasa la nne na sketi ile ile. Wazazi wa kipato chetu tulimpenda kwa hilo. Hakuwahi kushona nguo ya mtoto bila pindo. Namaanisha, nilikuja kuiona moja tu.

Watoto wachanga walimpenda, sijui niseme vipi. Mama akifika na mtoto anayelia mpaka amekuwa mwekundu, Fundi hakuuliza chochote. Alimchukua, akamweka begani, tumbo la mtoto kwenye mfupa wa bega lake, kisha akarudi kukaa na kuendelea kushona kwa mkono mmoja. Cherehani ile ya miguu inatikisa mwili mzima, taratibu, kwa mpigo mmoja. Baada ya mshono mmoja mrefu mtoto anabeua kwa sauti ya mtu mzima, halafu analala. Fundi anasema, "Haya, huyo ametoa upepo wa Pugu mpaka Ubungo." Akina mama wote kwenye benchi wanacheka. Wengine walikuja kwa ajili ya hilo tu, wala hawakufika kwenye pazia.

Na wengine aliwafukuza. Hapo ndipo alipokuwa na hasira. Mama mmoja alifika na mtoto wa miezi miwili, akasema nyumbani wameanza kumpa uji mwepesi kwa sababu hashibi. Fundi aliacha kukanyaga. "Mtoto si gunia," alimwambia, "hajazwi mara moja, na wala si kwa uji." Mwingine alimleta mtoto anayetapika kijani, utosi umebonyea. Huyo Fundi hakumgusa hata kidogo. Alitoka nje mwenyewe kusimamisha bodaboda, akamwambia mama, "Huyu si wangu. Hospitali, sasa hivi, usipite nyumbani kuchukua khanga." Nilikuwepo. Nilijiuliza, huyu mzee anayeiamini hospitali hivi, anafanya nini na wembe?

Sasa habari ya Upendo wangu. Alizaliwa na uzito mzuri, lakini alipofika wiki ya tano maziwa yakaanza kurudi. Siyo yale ya kawaida ya pembeni mwa mdomo. Yalikuwa yanarudi yote, mengine yanatokea puani, kisha anajipinda mgongo kama upinde na kulia kilio kikavu. Akiona ziwa anageuka. Mashavu yalianza kuisha. Nilikuwa namnyonyesha huku nalia, machozi yanamdondokea usoni, na mama mkwe wangu amekaa kwenye kochi ananitazama kama vile maziwa yangu ndiyo yana kasoro.

Nilikwenda kliniki. Nesi alikuwa na foleni mpaka nje ya mlango, lakini alinieleza, namshukuru. Alisema mdomo wa tumbo la mtoto bado mlegevu, maziwa yanapanda na ile asidi yake, yanamuunguza, ni kiungulia cha watoto. Akikua utakazika. Akasema nimnyonyeshe kidogo kidogo, nimshike wima kila baada ya kunyonya, nimlaze chali, nisimpe kitu kingine chochote, na nimrudishe kupimwa uzito baada ya wiki. Hakuandika dawa.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. "Dawa iko wapi?" mama mkwe akauliza. Nikasema hakuna dawa, nimshike wima. "Wima," akasema. "Umetoka asubuhi, umerudi mchana, umeambiwa wima." Baba Upendo yeye yuko Kurasini kwenye ofisi ya mizigo, anaondoka kabla hakujapambazuka, akawa ananiambia kwenye simu, msikilize mama, mama kalea saba. Nilimshika Upendo wima siku mbili. Siku ya tatu mama mkwe alimpa maji ya mchango, ile dawa ya mizizi ya tumbo, nikiwa naoga, mtoto akatapika mpaka akaishiwa nguvu. Nikaogopa. Nikafunga khanga, tukaenda kwa Fundi.

Sheria yake ilikuwa moja: mama haingii. "Mama akiona, maziwa yanakatika," alisema. Alimchukua Upendo, pazia likafungwa. Nilisikia mwanangu analia ghafla, kilio kimoja kikali, halafu kimya, halafu kwikwi. Nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono yote miwili. Alipotoka alikuwa na pamba yenye damu, na juu ya pamba kinyama kidogo, cheupe, laini. Mama mkwe alikitazama akatikisa kichwa na kusema, "Ndicho kilichokuwa kinamtesa."

Kisha Fundi akatoa miiko. Alimwambia mama mkwe, si mie, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. Kidonda cha kimeo kinataka siku arobaini. Mtoto anyonye kidogo, apumzike, anyonye tena. Akishanyonya akae begani mpaka wali wa kibaba kimoja uive. Alale chali, godoro gumu. Asiguswe na uji, maji, asali, mchango, wala kitu chochote isipokuwa ziwa la mama. Akionja kitu kingine kidonda kitachimbika. Na kila wiki apelekwe kliniki kwenye mzani, kwa sababu kidonda kikigoma kinaonekanaga kwenye uzito.

Mama mkwe aliishika miiko ile kuliko amri za kanisani. Wageni wakija alisimama mlangoni, hakuna kumpa mtoto kitu, ana kidonda. Yeye mwenyewe alimbeba Upendo begani, sufuria ya wali jikoni, anachungulia kama umeiva. Haikufika wiki tatu mtoto alikuwa anashika maziwa. Mashavu yakarudi. Na mie, mwalimu wa sayansi, sikuona kwamba nimeambiwa na Fundi yale yale niliyoambiwa na nesi. Niliona nimepona kwa wembe. Nikaanza kusema.

Nilisema kila mahali. Ofisini kwa walimu, kwenye kikundi cha akina mama, bombani. Mama Neema mtoto wake wa kiume alikuwa na miezi mitatu, anacheua na kikohozi juu yake. Alikuwa anasitasita, anasema mumewe hapendi mambo hayo. Nikamwekea Upendo mapajani, nikamwambia, "Mtazame huyu. Alikuwa anakufa. Acha woga, mpeleke." Nakumbuka nilimshawishi mpaka mumewe, Baba Neema, dereva wa malori ya makontena, mtu asiyeamini kitu mpaka akishike. Akakubali. Akasema atakwenda mwenyewe.

Mtoto alitoka damu siku ile aliyokatwa na usiku wake. Hakuweza kumeza. Walimkimbiza hospitali kesho yake, akiwa amelegea. Siku ya tatu wakarudi bila yeye.

Fundi alikuja msibani. Alikaa na wanaume, hakula. Kabla ya maziko aliniita pembeni, akanipa kifurushi nimpelekee mama wa marehemu. Kilikuwa kigauni cheupe, kizuri, kola imedariziwa kwa mkono. Nilikigeuza chini kwa mazoea. Hakikuwa na pindo.

Baada ya hapo kibanda kilifunguliwa siku moja moja, kisha hakikufunguliwa tena. Watu walisema amehamia Temeke kwa binti wa ndugu yake. Hakuna aliyemlaumu. Mie pia sikusema kitu, nilikuwa na yangu ya kuficha.

Upendo alipokuwa na miaka sita alivimba koo. Daktari alimulika, akasema, "Ni tonses tu. Kimeo kiko vizuri kabisa." Nikamuuliza kama kimeo kikikatwa huota tena. Akaniuliza nani kamkata mtoto huyu, hiki kizima. Nikasema hapana, nauliza tu. Nilitoka pale nimeshika mkono wa Upendo, najiambia madaktari wa siku hizi hawajui kila kitu, kitakuwa kimeota. Miaka miwili nimejiambia hivyo. Mpaka Mama Neema aliponiuliza pale kwenye kamba ya nguo.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Temeke. Nilimkuta kakaa kibarazani, macho yameingia ukungu, cherehani iko pembeni yake imefunikwa kitambaa na juu yake wameweka ndoo ya maji ya kunywa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Sauti hiyo ni ya ubaoni." Alitega sikio. "Mwalimu wa Kimara."

Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, yote yakaniponyoka. Nikamuuliza tu, "Upendo wangu ulimkata?"

Alipapasa vidole vyake vya kushoto, vile vyenye alama, kimoja baada ya kingine. "Umemtazama kooni?"

"Daktari katazama."

"Basi unajua," akasema. "Damu ilikuwa yangu. Nilimfinya paja kidogo alie, unisamehe."

Nikalikumbuka doa jekundu nililomkuta nalo Upendo pajani siku ile, nikalipaka mafuta nikidhani kaumwa na mdudu. Nikamkumbuka na paka asiyeonekana, na ngozi ya kuku kwenye karatasi.

Alinieleza bila kuulizwa, kama mtu aliyengoja benchi lijae watu. Zamani alikata kweli, miaka mingi, alivyofundishwa. Siku moja mkono uliteleza, wembe haukushika kitu, akaona haya kumwambia mama wa mtoto. Akatoa miiko kama kawaida, mtoto akapona sawasawa na wenzake. "Nikaanza kujiuliza mimi nakata nini. Nikaacha. Pazia likabaki."

"Kwa nini hukuwaambia watu ukweli? Kwamba ni wima, ni kidogo kidogo, basi?"

"Nesi alikwambia," akasema. "Ulimsikiliza?"

Nikamuuliza lile lililonipeleka. "Na wa Mama Neema?"

"Baba yake aliingia. Alilisukuma pazia, akawasha tochi ya simu, akasema na aone. Akammulikia mwanawe kooni. Nilikuwa sijashika wembe muda mrefu, Mwalimu."

"Si ungekataa?"

"Ningekataa angetangaza kwamba Fundi ni mwongo, na nyie mlioshika miiko mngeiacha. Nilijiambia hivyo, na nimejiambia hivyo mpaka leo. Lakini siyo. Niliona haya tu. Nikakata."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mzee yule kipofu nilitaka kumzaba kofi, halafu nikataka kumpigia magoti kwa sababu mwanangu yuko hai. Nilibaki nimekaa. Uongo wake ulimponya wangu, na kwa uongo ule ule mie nikawa shahidi wa wembe, nikaenda kuwaita wenzangu.

Nikamwambia Fundi kwamba Mama Neema amejifungua, na wanamtafuta yeye.

Akanyanyuka kidogo. Mara moja akawa yule wa zamani. "Anatapika rangi gani?" Nyeupe, maziwa. "Uzito?" Unapanda kidogo. "Homa?" Hana. "Waende kliniki wakapimwe. Na wamshike wima." Kisha akanigeuzia uso, ingawa haoni. "Na wewe usiende kuwaambia kwa mdomo. Mdomo wako walishauamini mara moja. Mpeleke mtoto wako, afungue kinywa, waone wenyewe."

Nilikwenda kwao siku ile ile, jua halijashuka. Upendo nilimshika mkono, anauliza kuna nini, nikamwambia tunamsalimia mtoto. Mama Neema alikuwa sebuleni, kitoto mapajani, kimelowa shingo nzima kwa maziwa. Baba Neema alikuwa anakula.

"Baba Neema," nikasema, "naomba unimulikie mwanangu kooni."

Alinishangaa, akafuta mkono, akawasha tochi ya simu. Nikamwambia Upendo afungue kinywa, aseme aaa. Wote wawili wakainama. Kimeo kilikuwa pale, kimening'inia katikati, kinacheza na pumzi yake.

"Kumbe kimeota tena," Mama Neema akasema.

Baba Neema alishawahi kuona kinavyokuwa kikikatwa. Akaizima tochi, akaiweka simu mezani kando ya sahani.

"Hakijaota," nikasema. "Hakikukatwa. Fundi hakumkata Upendo. Alipona kwa kushikwa wima na kupewa ziwa peke yake."

Mama Neema akauliza, "Sasa wetu kwa nini alikatwa?"

Baba Neema alikuwa ameinamia sahani. Alijua jibu, ama alikuwa analijua wakati ule ule. Nikamwona mtu mzima anangoja nimmalize mbele ya mke wake.

"Kwa sababu mie niliwatuma," nikasema.

Habari ya pazia kusukumwa sikuisema, wala sitaisema kwao. Mama Neema aliniambia nitoke. Hakupandisha sauti. Upendo aliaga, hakuitikiwa.

Jumatatu asubuhi nikiwa nafunga geti kwenda shuleni niliwaona wanapandisha kuelekea kliniki, baba mbele na kadi ya mtoto mkononi. Nilisalimia. Mama Neema alipita bila kunitazama, mtoto amelala begani kwake, amebebwa wima.